Bunduki ya Aulis na Kopo la Nta

Mimi nilisema ni bunduki. Nililisema hilo mbele ya kundi zima la wawindaji, nimesimama na birika la kahawa mkononi, na mtu yeyote hapa kijijini kwetu Ruokovaara atakwambia kwamba Kyllikki akisema jambo na birika la moto mkononi, heri umkubalie yaishe.

Ilikuwa siku ya mkutano wa mwaka, baada ya msimu ule mbaya ambao mume wangu Aulis alifyatulia hirvi wawili asimwangushe hata mmoja. Na hirvi si sungura, jamani. Ni mnyama mrefu kuliko farasi, ana pembe pana kama majembe, na yule wa kwanza alisimama peupe kabisa kama mtu anayesubiri basi. Aulis akafyatua. Mnyama akageuza shingo, akamtazama, akaenda zake. Yule wa pili alimpata pajani, na ikabidi Ensio na mbwa wake wamfuate kinamasini saa na saa mpaka wakammaliza. Kwetu kukosa ni jambo la kutaniwa tu. Lakini kumjeruhi mnyama akaenda na maumivu yake msituni, hiyo ni aibu ambayo mtu analala nayo na kuamka nayo. Aulis alirudi nyumbani, akavua viatu, akaenda kulala bila kula.

Ensio ndiye mkuu wa kundi, jirani yetu wa ng'ambo ya ziwa, kijana wa juzi tu, ana miaka hamsini na kidogo. Siku ya mkutano alianza kumung'unya maneno.

"Mzee Aulis," akasema, "tumefikiri mwaka huu... yaani, si lazima kila mtu asimame zamu na bunduki. Hata pale motoni panahitaji mtu. Soseji hazijichomi zenyewe."

Watu wote wakainamia vikombe vyao.

"Soseji?" nikasema. "Mtu amesimama zamu ile ile, ukingoni mwa kinamasi, tangu ujana wake, leo umpeleke akageuze soseji? Ensio, mwanangu, Aulis anaangusha hirvi wake wa kwanza wewe ulikuwa hata hujafikiriwa!"

"Shangazi Kyllikki, sijasema kwamba..."

"Umesema, na tumesikia. Ile ni bunduki, si mtu. Kitako kimepinda. Ule mti umekunywa mvua za miaka yote, sasa unausukuma mtutu unavyotaka. Hata wewe ukipewa ile bunduki hutapiga ghala ukiwa ndani yake."

Wakacheka, na Ensio naye akacheka, maana si mtu mbaya. Akasema basi itengenezwe. Cheti cha shabaha cha Aulis kilikuwa kinaisha mwaka huo huo, kwa hiyo mwezi wa nane angekwenda kufanya jaribio kama watu wote: risasi nne, ndani ya duara la ukubwa wa sahani, mnyama wa karatasi akiwa amesimama mbali kule. "Akipita, zamu yake ipo pale pale," akasema Ensio. "Asipopita..."

"Soseji," akamalizia Aulis mwenyewe, na ukumbi wote ukaangua kicheko. Mimi sikucheka.

Sasa msidhani nilikuwa nabwata tu kwa kumtetea mume wangu. Bunduki naijua. Nilipokuwa msichana nilikuwa napiga shabaha kwa bunduki ndogo katika chama cha michezo, na vikombe nilivyoshinda bado viko kabatini vinakula vumbi. Baadaye nikaolewa, wakaja watoto, wakaja mbwa, na ndege wa porini nikaendelea kuwapiga. Hirvi waliachiwa wanaume, mimi nikaachiwa birika. Kile kitako, yaani ule mti wote unaoubeba mtutu na kuegemea begani, alikichonga baba yake Aulis, na kilikuwa kimechakaa vibaya. Nilikata ukanda wa gazeti, nikaupitisha kati ya mtutu na mti. Ukanda unatakiwa uteleze kuanzia ncha mpaka karibu na chemba ya risasi bila kugusa kitu. Huu ulienda urefu wa kidole, ukakwama.

"Unaona?" nikamwambia Aulis. "Siku ya jua mti unausukuma mtutu huku, siku ya mvua unausukuma kule. Mtu atalengaje?"

Akapitisha kidole pale karatasi ilipokwama. "Naona," akasema, lakini hakuangalia.

Alikuwa ameanza tabia hiyo na ilikuwa inanikera mno. Unaongea naye, yeye anakutazama sikio. Nilimfokea si mara moja. "Aulis, mimi niko hapa, siko sikioni! Nitazame ninaposema nawe!" Naye anajibu kwa upole wake ule ule, "Sikio lako zuri, mama." Utamfanya nini mtu wa hivyo? Na usukani wa gari aliniachia mimi, eti anataka kutazama misitu kabla haijakatwa yote. Hata kibali cha bunduki alitaka tuandikishwe wote wawili polisi, kwa kuwa mimi ndiye dereva na bunduki inakaa garini. Nikaona ni uvivu wa uzee. Nikaweka saini.

Lakini kuitengeneza bunduki, hapo ndipo alipoweka breki. Theluji ilipokuwa bado ipo alisema karakana ina baridi. Theluji ilipoyeyuka akasema kwanza madirisha ya jirani. Aulis ni seremala, maisha yake yote ametengeneza madirisha na milango, kazi ya kitako kwake ni rahisi kama kutafuna mkate. Nikamwambia, "Unaogopa nini? Baba yako hatafufuka kukudai mti wake." Akavaa kofia, akatoka. Nilidhani ni huzuni ya kuachana na kazi ya mkono wa baba yake, nikamwonea huruma kidogo, kisha nikaendelea kumsumbua.

Siku ya sikukuu ya katikati ya kiangazi, tumetoka sauna kuoga mvuke, tumekaa kwenye ngazi na taulo zetu tunafukuza mbu, akasema bila kuulizwa: "Haya. Tutaitengeneza. Lakini kile cha baba sikigusi. Nitachonga kipya."

Nilimkumbatia pale pale, jasho kwa jasho. Nilifurahi kama mtoto, na sioni haya kusema.

Juu ya dari ya sauna palikuwa na ubao mnene wa betula, mti mgumu wa misitu ya huku, uliokauka pale miaka mingi, umekauka hata ukiugonga unalia. Akaushusha. Nilipenda kumwangalia akifanya kazi. Alikuwa hapimi kwa macho kama zamani, alipapasa tu: anakwangua, anapapasa, anakwangua tena, kama mtu anayemnyoa mtoto. Mistari ya penseli aliniachia mimi niichore. "Penseli za siku hizi hazina risasi," akasema, na mimi nikamwambia penseli ni zile zile za mwaka jana.

Siku moja akaniita. "Mama, njoo. Simama hapa. Kunja mkono."

Akaweka mwisho wa ubao kwenye mkunjo wa kiwiko changu, akaniambia ninyooshe kidole kama ninayefyatua, akatia alama pale kidole kilipofika.

"Mbona unanipima mimi?"

"Nitajipimaje mwenyewe huku nimeshika ubao? Mkono ni mkono."

"Mkono wangu mfupi kuliko wako, mwanamume wee."

"Kidogo tu. Ukivaa koti nene la baridi kitako kirefu kinakwama kwapani. Kifupi ni afadhali."

Hilo ni kweli kabisa, muulize mwindaji yeyote wa huku. Sikubisha. Siku nyingine alilaza chuma na darubini yake juu ya mti, akaniambia niweke shavu, nifumbe macho, niyafumbue. "Unaona katikati ya darubini?" Naona. "Bila kuinua kichwa?" Bila kuinua. Akakwangua kidogo, nikaweka shavu tena, akakwangua tena. Tulipoteza asubuhi nzima kwa ajili ya shavu langu.

Kisha ikaja kazi yenyewe, ile ya kukikalisha chuma ndani ya mti. Kuchonga shimo linalofanana na chuma haitoshi, kwa sababu hata seremala hodari huacha nafasi ndogo ndogo, na bunduki ikifyatuka chuma kinachezacheza humo, kila mara kinakaa mahali pengine. Kwa hiyo unachanganya gundi ya chupa mbili, ile inayogeuka jiwe, unaimwaga ndani ya shimo, unakikandamiza chuma juu yake, na gundi inajaza kila pengo. Kesho yake chuma kina kitanda chake hakitikisiki. Mtutu unauacha huru, usiguse mti popote. Jambo moja tu usisahau: chuma lazima ukipake nta kwanza. Bila nta umeshaunganisha mti na chuma hadi siku ya kiyama.

Huku kwetu nta haitafutwi mbali. Kila karakana ina sanduku la skii, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, na ndani yake mna makopo ya nta ya kuzipaka. Nta ziko mbili. Kuna ya kuteleza, ili uende. Na kuna ya kushika, inanata, ili ukipanda mlima usirudi kinyumenyume. Mtoto wa miaka mitano anazijua.

Aulis akasema nta atapaka yeye, mimi nichanganye gundi. Akapaka kwa uangalifu, kona kwa kona, kwa kidole. Tukamwaga gundi, tukakalisha chuma, tukakaza skrubu taratibu, tukafuta iliyofurika. Ilikaa vizuri ajabu. Tukaenda kunywa kahawa na mkate wa iliki, tunajipongeza.

Kesho yake nikafungua skrubu, nikavuta. Wapi! Nikavuta tena. Nikagonga kwa nyundo ya mpira, kwanza kwa adabu, halafu bila adabu. Haikutikisika hata kidogo. Ndipo jicho langu likaangukia kopo lililokuwa juu ya meza.

"Aulis! Hii ni nta ya kushika!"

"Acha mzaha."

"Mzaha gani? Nta ya kushika! Bunduki umeiandaa ipande mlima!"

Akalichukua kopo. Akalipeleka ubavuni mwa uso wake, karibu na sikio, akaligeuza huku na huku. "Kumbe," akasema taratibu.

Nikawaka. Nani aliyeweka makopo mawili mahali pamoja? Ni nani asiye na akili katika nyumba hii? Mwenye kuyaweka pamoja nilikuwa mimi, lakini wakati huo haikunisumbua. Na nilipoishiwa na maneno nikasema, "Basi, si kosa lako, herufi zenyewe zimefutika."

Herufi hazikuwa zimefutika. Zilikuwa nyeupe juu ya buluu, kila moja kubwa kama ukucha wa dole gumba langu. Nililirudisha lile kopo sandukuni, chini kabisa, chini ya matambara. Sikujiuliza kwa nini. Sikutaka.

Dawa ya bunduki iliyoganda ni baridi kali, kwa sababu chuma hunywea na mti haunywei sana. Ingekuwa mwezi wa kwanza tungeiweka nje tu. Kwa kuwa ilikuwa kiangazi, nikatoa nyama na matunda yote kwenye friza kubwa la karakanani, nikailaza bunduki humo, imelala mshazari.

Asubuhi Ensio akaja na mashua yake, ametuletea sangara aliowavua, na kama kawaida yake akaenda moja kwa moja karakanani kuwaweka kwenye friza. Nikasikia kifuniko kinafunguliwa. 

"Shangazi," akaita, "huyu mmempiga lini?"

"Funga hicho kifuniko, baridi inatoka!"

"Hana hata pembe. Tutamwandika dume au jike?"

Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Nikamweleza habari ya nta, na nikajikuta nasema mimi ndiye niliyechukua kopo baya. Aulis alikuwa amesimama mlangoni, akasikia, hakunisahihisha. Ensio akafuta machozi, akavua koti, akasema haya tuitoe. Yeye akashika mti, Aulis akashika mtutu kwa glavu, mimi nikagonga. Mara ikalia "tak!" chuma kikaruka kutoka kwenye mti, na Ensio akaanguka kitako chini na kitako mkononi. Hata Aulis alicheka.

Nilipomsindikiza Ensio kwenye mashua, aliacha utani. "Shangazi, mimi simtaki mzee aondoke kundini. Ninachotaka ni kwamba asiwepo hirvi mwingine wa kwenda na jeraha. Hilo tu. Lile la mwaka jana bado naliota."

"Ni bunduki," nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akawasha injini.

Gundi ile ilikuwa imechubuka, tukaikwangua yote tukaanza upya. Safari hii nta nilipaka mimi, ile ya kuteleza, na Aulis akachanganya gundi. Kesho yake chuma kilitoka chenyewe kwa kuvutwa kidogo, na ndani ya mti kitanda chake kilikuwa kinang'aa, kila kona na kila mfereji umechorwa. Nikapitisha ukanda wa gazeti chini ya mtutu, ukateleza kutoka ncha hadi mwisho bila kukwama. Aulis akaupaka mti mafuta ya kitani, mkono wake ukienda na kurudi mpaka betula ikageuka rangi ya asali. Nilimwambia hajawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile, hata madirisha ya kanisa.

"Ndicho cha mwisho," akasema. "Lazima kiwe kizuri."

Nikamwambia aache maneno ya kijinga.

Jioni moja kabla ya jaribio tukaenda kwenye uwanja wa shabaha, pale kwenye machimbo ya zamani ya changarawe. Hapakuwa na mtu. Upepo hakuna, hata majani ya betula yametulia. Nikatundika karatasi, nikarudi mezani, nikajiwekea darubini ya miguu mitatu ili nitazame matundu.

Aulis akakaa. Akaweka shavu, akainua, akaweka tena. Alikaa muda mrefu sana. Akafyatua, akafyatua tena, akafyatua ya tatu.

Nikatazama. Tundu moja lilikuwa pembeni kabisa mwa ubao. La pili liko chini, kwenye miguu ya mnyama wa karatasi. La tatu sikuliona mahali popote.

"Skrubu," nikasema. "Skrubu zimelegea." Nikaijia bunduki, nikakagua, zimekaza. Nikatoa ukanda wa gazeti mfukoni, nikaupitisha, ukateleza. Nikashika darubini ya bunduki nikaitikisa, haitikisiki. "Basi ni risasi. Hizi ni za lini? Risasi za zamani zinaharibika. Au joto. Mtutu haujapata..."

"Kyllikki," akasema. "Keti. Piga wewe."

"Mimi wa nini? Jaribio ni lako."

"Keti, mama."

Nikaketi. Nikaiinua, na kitako kikaja begani chenyewe, sikukitafuta. Kidole kikaangukia mahali pake. Nikaweka shavu, na katikati ya darubini ikawa mbele ya jicho langu bila kuinua wala kushusha kichwa. Tangu zile siku za usichana sikuwahi kushika kitu kilichonikaa namna ile. Nikavuta pumzi, nikaitoa nusu, nikafyatua. Nikafyatua tena. Na ya tatu.

Nikarukia darubini ya miguu mitatu. Matundu matatu yalikuwa katikati ya duara, yamegusana, kifuniko cha chupa kingeyafunika yote.

"Nilisema!" nikapiga kelele hadi machimbo yakaitika. "Nilisema ni bunduki! Imepona! Aulis, imepona, njoo uone, imepo..."

Nikageuka. Alikuwa amekaa kwenye benchi, anatabasamu, ana furaha ya kweli usoni. Na alikuwa ananitazama sikio.

 Nikaitazama bunduki niliyoishika, nikautazama mkono wangu uliokunjwa juu yake.

"Hiki kitako ni cha mkono wangu," nikasema.

"Ndiyo."

"Si habari ya koti."

"Hapana, si habari ya koti."

Nikaiweka bunduki mezani polepole. "Tangu lini?"

"Tangu msimu ule. Hirvi wa kwanza nilimwona vizuri sana, mpaka nilipomlenga. Nikilenga kitu, kinatoweka. Pembeni naona msitu wote, naona hata jani likitikisika. Katikati hakuna kitu. Jicho la kulia lilianza, la kushoto linafuata." Alisema kama anayeeleza habari ya dirisha lenye ubao ulioliwa. "Ile siku niliyosema naenda mjini Kajaani kwa basi, kwa daktari wa meno, nilikwenda kwa daktari wa macho. Amesema sitapofuka kabisa. Lakini hiyo ya katikati hairudi."

"Na mimi?" nikauliza. "Ukinitazama mimi?"

"Nikikutazama usoni, uso haupo. Nikitazama sikio, nakupata."

Mwaka mzima nilikuwa nimemfokea mtu yule anitazame. Nililia, tena kwa sauti, peke yetu pale machimboni, na yeye akaja kwa kupapasa ukingo wa meza akakaa karibu nami, akanishika bega lile lile lililopigwa na bunduki.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza nilipopata pumzi. "Watu wote nimewagombeza. Ensio nimemgombeza. Wewe nimekugombeza kuliko wote."

"Ulikuwa unasema kwa nguvu sana kwamba ni bunduki," akasema. "Nilipenda kukusikia. Nikaona niishi humo kidogo." Kisha akaongeza, "Na kusema kweli hukukosea. Bunduki nayo ilikuwa mbovu."

Ndivyo alivyo mume wangu. Hata pale alitaka na mimi niwe nimeshinda.

Siku ya jaribio nilimwona Ensio anatuangalia tukishuka garini, bunduki iko begani kwangu. Akafungua mdomo, akaufunga. Nilipiga zangu nne, zote ndani ya sahani, na msimamizi wa jaribio akazitazama mara mbili. Ensio akatusogelea, kofia mkononi.

"Shangazi, sasa zamu ya Aulis..."

"Zamu ya Aulis ni yangu," nikasema. "Na Aulis anakaa humo humo."

Akamtazama Aulis. Sijui Aulis alimwonyesha nini, maana mimi nilikuwa nafungua chupa ya kahawa, lakini niliposimama Ensio alikuwa amemshika mkono kwa mikono yake yote miwili, na hakuwa na utani wowote. "Na soseji?" akaniuliza baadaye, kama mtu anayeomba amani. Nikamwambia soseji atachoma mkuu wa kundi.

Asubuhi ya kwanza ya msimu tulikaa zamuni, ukingoni mwa kinamasi, mimi kwenye kigoda na yeye ubavuni mwangu juu ya gogo, hana kitu mkononi. Mbwa wa Ensio alikuwa anabweka mbali, halafu akanyamaza. Nilikuwa nakodolea macho mbele yangu sioni kitu, ukungu tu na misonobari mifupi. Aulis alikuwa ametazama kwingine kabisa, kulia, kule ambako hakuna njia.

"Kushoto," akanong'ona bila kugeuka. "Nyuma ya msonobari uliovunjika. Kitu kimesogea."

Sikuona. Nikasubiri. Kisha sikio likatikisika nyuma ya ule mti uliovunjika, na dume kubwa likatoka taratibu, likasimama ubavu. Kitako kikaja begani chenyewe.

Mlio ulipoisha Aulis aliuliza, "Amekwenda?"

"Hajaenda popote," nikamwambia. "Amelala pale pale aliposimama."

Akavua kofia, akatulia, nikaona mabega yake yanashuka.

Kile kitako alichochonga baba yake tumekipigilia ukutani kwenye chumba cha kuvulia nguo cha sauna, tunatundika taulo. Na mezani nimehamisha kiti changu. Sikai tena mbele yake. Nakaa ubavuni, pale anapoupata uso wangu.